Aliyeona Ufa: Historia ya Maadili ya Wahandisi

Katika makumbusho ya Louvre mjini Paris lipo jiwe jeusi, refu kuliko mtu, lililochongwa zama za mfalme Hammurabi wa Babeli, yapata miaka 3,750 iliyopita. Limejaa sheria za mikopo, ndoa, mashamba na mifereji, na vifungu vichache vinamhusu mjenzi. Akijenga nyumba dhaifu ikaanguka na kumuua mwenye nyumba, mjenzi auawe. Ikimuua mtoto wa mwenye nyumba, auawe mtoto wa mjenzi. Ukuta ukianza kulala, aujenge upya kwa fedha yake.

Ukali wa sheria hii umewafanya wengi waione kuwa chimbuko la maadili ya wahandisi. Mimi naiona kuwa nusu tu ya habari. Hammurabi anauliza nani alipe baada ya nyumba kuanguka. Haulizi nani aliuona ukuta umelala mwezi mmoja kabla, alimwambia nani, na aliyeambiwa alifanya nini. Swali hilo lilikawia karne nyingi, na hadi leo ndilo linaloamua kama kanuni za maadili zitaokoa mtu au zitabaki karatasi ukutani.

Kwa sehemu kubwa ya historia, mjenzi na anayejengewa waliishi mji mmoja. Katika pwani yetu fundi wa mawe alijulikana kwa jina, kwa ukoo na kwa nyumba alizozisimamisha. Alichoma mawe ya matumbawe apate chokaa, akapima upana wa chumba kwa urefu wa boriti za mikoko. Ndiyo maana vyumba vya nyumba za kale za Lamu na Unguja ni virefu na vyembamba, upana wake ukikaribia mita tatu tu. Boriti yenyewe ndiyo iliyoweka mpaka. Makosa hayakukosekana. Sehemu iliyoongezwa kwenye Msikiti Mkuu wa Kilwa karne ya 14 iliporomoka, ikajengwa upya karne ya 15. Lakini fundi alipokosea mji mzima ulijua ni nani, na kijana aliyekuwa chini yake alijifunza, pamoja na kazi ya mikono, aibu ya kukosea. Utaratibu huo haukuandikwa popote. Ulishika maadamu fundi, tajiri na jirani walikutana msikitini kila Ijumaa.

Mapinduzi ya viwanda huko Uingereza yaliuvunja ukaribu wa namna hiyo. Chuma kilichorwa mji mmoja, kikasubiwa mji mwingine, kikafungwa na vibarua wasiomjua mchoraji, na abiria aliyepita juu yake hakumjua hata mmoja wao. Mwaka 1818 vijana wachache wa London walianzisha chama cha wahandisi wa ujenzi, na mwaka 1820 wakampata Thomas Telford, mjenzi mashuhuri wa barabara na madaraja, kuwa rais wao wa kwanza. Hati ya kifalme waliyopewa mwaka 1828 ilieleza uhandisi kuwa ni ustadi wa kuziongoza nguvu kuu za maumbile kwa matumizi na manufaa ya binadamu. Ni maneno ya fahari, na wahandisi wameyarudia tangu hapo. Nani aliwajibika kwa binadamu huyo nguvu zikimgeukia, hati haikusema.

Jibu la kwanza lilitoka Uskoti. Usiku wa tarehe 28 Desemba 1879, katika dhoruba kali, sehemu ya kati ya daraja la reli juu ya mto Tay karibu na Dundee ilianguka mtoni pamoja na treni iliyokuwa ikipita. Hakuna aliyepona, waliokufa walikadiriwa kuwa 75. Msanifu wake, Thomas Bouch, alikuwa ametunukiwa cheo cha Sir miezi michache tu nyuma kwa sababu ya daraja hilohilo. Tume ya uchunguzi ilitoa hukumu ya maneno machache: daraja lilisanifiwa vibaya, likajengwa vibaya, likatunzwa vibaya. Bouch hakuwa ameweka hesabu ya kutosha kwa nguvu ya upepo. Alifariki kabla mwaka haujaisha.

Kilichonishtua mimi katika habari za Tay ni mambo madogo yaliyotajwa mbele ya tume. Pale karakana ya kusubia chuma, mashimo yaliyotokea kwenye nguzo yalizibwa kwa mchanganyiko wa nta, vumbi la chuma na masizi, ukasuguliwa hadi ukang'aa kama chuma kizima. Baadaye mkaguzi wa daraja, mtu aliyezoea kazi ya matofali na si ya chuma, alisikia vyuma vya kukazia nguzo vikigongana. Vilikuwa vimelegea. Akatafuta vipande vya chuma, akavichomeka kwenye nafasi, kelele ikakoma, na mhandisi mkuu hakuarifiwa. Hawa hawakuwa watu wabaya. Mmoja aliziba shimo, mwingine akazima kelele, na kila mmoja alidhani ametengeneza. Hapakuwa na aliyewafundisha kwamba kelele ile ilikuwa taarifa na kwamba taarifa ina mahali pake pa kupelekwa.

Wahandisi walipoanza hatimaye kuandika kanuni zao, ungetegemea mambo ya Tay yawe ya kwanza. Haikuwa hivyo. Chama cha wahandisi wa umeme cha Marekani kilipitisha kanuni zake mwaka 1912, na wa ujenzi wakafuata mwaka 1914. Kanuni za 1912 zilisema wazi kwamba kulinda maslahi ya mteja au mwajiri ndiyo wajibu wa kwanza wa mhandisi. Nyingine za wakati ule zilikataza kumsema vibaya mhandisi mwenzako, kumpokonya kazi, kujitangaza kwa njia isiyo ya heshima. Zilikuwa adabu za watu wa chama kimoja. Abiria wa treni, mpangaji wa ghorofa ya nne, mtoto anayecheza chini ya bwawa, hawa hawakuwa na nafasi ya kutosha humo. Na hilo lilitokea wakati maafa ya Quebec yalikuwa bado hayajasahaulika.

Nchini Kanada, juu ya mto St. Lawrence karibu na mji wa Quebec, lilikuwa likijengwa daraja la chuma ambalo nafasi yake ya kati ingezidi ya daraja lolote duniani. Mhandisi mshauri, Theodore Cooper, alikaa New York, mzee mwenye jina kubwa na afya dhaifu, akilipwa ujira mdogo, bila wasaidizi wa kutosha. Yeye ndiye aliyeongeza umbali kati ya nguzo kuu mbili kutoka futi 1,600 hadi 1,800, na uzito wa daraja haukupigiwa hesabu upya ipasavyo hadi chuma kingi kilipokuwa kimekwisha kutengenezwa. Lilipotolewa pendekezo kwamba mhandisi wa serikali ahakiki kazi yake, Cooper alipinga. Na kwa kuwa alikuwa Cooper, wakamwachia.

Agosti 1907 vyuma vya chini vya daraja, vile vinavyobeba mgandamizo, vilianza kupinda. Norman McLure, mhandisi kijana aliyekuwa macho ya Cooper pale kazini, alipima kimoja akakuta kimetoka kwenye mstari kwa robo tatu ya inchi. Siku chache baadaye, tarehe 27, akapima tena: inchi mbili na robo. Wapo waliobishana naye kwamba chuma kile kilitoka kiwandani kikiwa kimepinda. McLure hakubishana sana. Alipanda treni kwenda New York. Mchana wa tarehe 29 Cooper alisoma vipimo vile, akaelewa, akapeleka simu ya maandishi: uzito wowote usiongezwe kwenye daraja. Aliipeleka Phoenixville, Pennsylvania, kwenye ofisi za kampuni iliyokuwa ikijenga. Quebec kwenyewe haikupelekwa. Ofisini Phoenixville wakaisoma, wakaamua wakutane kesho yake asubuhi.

Saa 11 na dakika 37 jioni, wafanyakazi wakikaribia kushuka, daraja lilianguka kwa muda wa sekunde chache tu. Kati ya watu 86 waliokuwa juu yake walikufa 75. Miongoni mwao 33 walikuwa Wamohawk, wenyeji asilia, wa kijiji kimoja, Kahnawake, mafundi wa chuma waliosifika kwa kazi za juu. Baadhi ya walionaswa hai kwenye vyuma ukingoni walizama usiku maji yalipojaa.

Tume ya Kanada iliwalaumu Cooper na msanifu wa kampuni, na ililaumu pia jambo kubwa kuliko wote wawili: pale darajani hapakuwa na mtu hata mmoja mwenye elimu na mamlaka ya kusema kazi isimame. Mwenye mamlaka alikuwa mbali kwa safari ya treni ya usiku kucha, na aliyeona alikuwa kijana wa kutumwa. Ninavyoiona historia hii, Quebec ndiyo kitovu chake. Hesabu zilikuwa na kasoro, ndiyo, lakini kasoro iligunduliwa siku mbili kabla. Watu 75 walikufa ndani ya muda ambao neno lilikuwa likitafuta njia.

Kutokana na msiba huo, na mwingine wa 1916 ambapo kipande cha kati cha daraja la pili kilianguka kikinyanyuliwa na kuua watu 13, wahandisi wa Kanada walijitafutia namna ya kukumbushana. Tangu 1925 wahitimu wao hula ahadi katika hafla ya faragha ambayo maneno yake yalitungwa na Rudyard Kipling, na huvishwa pete ya chuma kwenye kidole kidogo cha mkono wanaoandikia, ili iguse karatasi kila wanapochora. Husimuliwa kwamba pete za kwanza zilifuliwa kwa chuma cha daraja lililoanguka. Si kweli, na haihitaji kuwa kweli.

Marekani ilichukua njia ya leseni. Jimbo la Wyoming lilikuwa la kwanza kuwasajili wahandisi kwa sheria, mwaka huohuo wa 1907. California ilingoja bwawa la St. Francis lipasuke usiku wa 12 Machi 1928 na kuua zaidi ya watu 400, saa chache tu baada ya William Mulholland, mhandisi mkuu wa maji wa Los Angeles, kulikagua na kuridhika nalo. Mulholland alibeba lawama yote mwenyewe, tena hadharani, jambo ambalo ni adimu na linastahili heshima. Lakini ubora wa tabia yake haukuwasaidia waliokuwa wamelala bondeni. Bwawa lile halikuwahi kuhakikiwa na mtu mwingine huru, na mwaka uliofuata jimbo likatunga sheria kwamba mabwawa yasimamiwe na serikali.

Umma uliingia kwenye kanuni polepole. Mwaka 1947 baraza la Marekani lililosimamia elimu na maendeleo ya wahandisi liliandika kwamba mhandisi azingatie usalama wa maisha na afya ya watu. Mwaka 1974 maneno yakatiwa nguvu: usalama, afya na ustawi wa umma viwekwe mbele ya kila kitu, mwajiri akiwemo. Kanuni nyingi za uhandisi duniani leo, zetu zikiwemo, zina sauti ya tamko hilo. Ilichukua miaka 62 kutoka mteja kuwa wa kwanza hadi jirani kuwa wa kwanza, na mtu anayeona hayo kuwa mabadiliko ya maneno tu hajawahi kuombwa na bosi wake anyamaze.

Walioombwa kunyamaza walikuwepo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, wahandisi watatu wa reli mpya ya eneo la ghuba ya San Francisco, BART, waliona kwamba mfumo wa kuendesha treni bila dereva haukuwa umejaribiwa vya kutosha. Waliandika, hawakujibiwa, wakalipeleka suala kwa mjumbe wa bodi. Machi 1972 wakafukuzwa. Oktoba mwaka uleule treni ilipitiliza kituo cha Fremont na kuacha reli, ikajeruhi watu kadhaa. Walipokwenda mahakamani, chama cha wahandisi wa umeme na elektroniki kiliwasilisha hoja kwa upande wa mhandisi anayelinda umma, na mwaka 1978 kikawatunuku tuzo. Kazi zao, hata hivyo, hawakurudishiwa.

Siku hizi wanafunzi hufundishwa zaidi habari za William LeMessurier, aliyegundua mwaka 1978 kwamba jengo lake la ghorofa 59 mjini New York, Citicorp, lingeweza kushindwa na upepo unaopiga pembe zake kwa sababu viungo vilivyokusudiwa kuchomelewa vilifungwa kwa bolti. Alikwenda kwa wenye jengo akasema kosa ni langu, na mafundi wakachomelea usiku kwa usiku. Anatajwa kama shujaa. Nakubali kwamba alitenda jambo gumu. Sikubali kwamba alitenda lote. Maelfu ya watu wa mtaa ule walipita chini ya jengo kila siku msimu wa vimbunga bila kuambiwa, na habari haikujulikana hadharani hadi 1995. Walioambiwa walikuwa wenye mali na maofisa. Ikiwa umma ndio wa kwanza, ulistahili kujua.

Kisha ikaja habari ya Challenger, chombo cha anga za juu cha Marekani. Usiku wa tarehe 27 Januari 1986, wahandisi wa kampuni ya Morton Thiokol huko Utah walizungumza kwa simu na maofisa wa NASA, shirika la anga za juu la Marekani. Chombo kilikuwa kiruke asubuhi, Florida ilitabiriwa kuwa na baridi ya kugandisha, na pete za mpira zilizoziba maungio ya roketi za pembeni zilikuwa hazijawahi kutumika katika baridi chini ya nyuzi 12. Roger Boisjoly alikuwa ameandika onyo juu ya pete hizo tangu Julai 1985. Ushauri wa wahandisi usiku ule ulikuwa mmoja: msirushe. NASA hawakuupenda. Thiokol wakaomba dakika tano wajadiliane peke yao. Wakachukua nusu saa. Ndani ya nusu saa hiyo mkubwa mmoja alimwambia mkuu wa uhandisi avue kofia ya uhandisi avae ya umeneja. Mameneja wanne wakapiga kura, wahandisi hawakuulizwa tena, na idhini ikatumwa kwa maandishi. Allan McDonald, mwakilishi wa kampuni pale Florida, alikataa kuitia sahihi. Ikatiwa na mwingine. Asubuhi yake, sekunde 73 baada ya kuruka, chombo kilisambaratika mbele ya televisheni na watu saba wakafa, mwalimu Christa McAuliffe akiwa mmoja wao.

Kati ya Quebec na Florida kuna miaka 79. Simu ilikuwa imeboreka sana na vipimo vilikuwa bora mno. Safari hii neno lilifika kwa wakati, kwa mtu sahihi, likiwa na takwimu. Likashindwa na cheo. Boisjoly na McDonald walisema ukweli mbele ya tume ya rais, na wote wawili walisukumwa pembeni kazini; McDonald alirudishiwa hadhi yake baada ya wabunge kuingilia, na Boisjoly hakurudi tena kwenye kazi ya roketi.

Afrika Mashariki ilipata sheria zake za kusajili wahandisi mapema baada ya uhuru: Tanzania 1968, Kenya na Uganda 1969. Tanzania iliandika sheria mpya mwaka 1997 iliyounda Bodi ya Usajili wa Wahandisi, Kenya ikafanya hivyo mwaka 2011, na mwaka 2012 nchi hizo tatu zikatiliana sahihi makubaliano ya kutambua wahandisi wao kwa wao. Katika Siku ya Wahandisi, Dar es Salaam au Dodoma, wahandisi wapya husimama mbele ya hadhara wakala kiapo. Hatukosi kanuni, na anayesema tunazikosa hajazisoma.

Ijumaa Kuu ya tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa mtaa wa Indira Gandhi, katikati ya Dar es Salaam, liliporomoka asubuhi. Walikufa watu 36, wakiwemo vibarua wa zege na watoto waliokuwa wakicheza jirani. Ilielezwa kwamba kibali kilikuwa cha ghorofa chache kuliko zilizosimama. Tafakari maana yake. Ghorofa haimwagwi zege kwa siri. Kila sakafu ya ziada ilichukua majuma, malori ya kokoto, nondo zilizopangwa juu ya bati za paa za majirani, mchana kweupe, katika mtaa ambao maofisa wa mji hupita kwenda kazini. Walioona walikuwa mamia.

Nairobi, tarehe 29 Aprili 2016, mvua kubwa iliangusha jengo la wapangaji la ghorofa sita eneo la Huruma na kuua takriban watu 50. Lilikuwa limekwisha kuhesabiwa miongoni mwa majengo ya kubomolewa. Unguja, Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883, liliacha kipande chake kikaanguka mwaka 2012, na tarehe 25 Desemba 2020 upande mzima ukaporomoka wakati wa ukarabati, wakafa wawili. Novemba 2024 ikawa zamu ya jengo la biashara Kariakoo, Dar es Salaam. Watu wasiopungua 29 walipoteza maisha.

Kila aliye katika ujenzi anajua habari za muhuri unaokodishwa: michoro inachorwa na asiyesajiliwa, mhandisi anaitia muhuri kwa malipo bila kufungua kurasa, kisha hafiki kazini hata siku ya kumwaga msingi. Sahihi yake inakuwa ya kibali, na usimamizi unabaki kwa fundi mkuu ambaye mshitiri akimwambia apunguze nondo hana pa kukimbilia. Huyu fundi mkuu ni ndugu wa mkaguzi wa Tay na wa McLure. Yeye ndiye anayeona. Kwa maoni yangu bodi zetu zimeweka nguvu nyingi kwenye kiapo cha mwenye muhuri, na chache mno kwa aliye chini yake mwenye jicho na asiye na sauti. Uganda ina sheria ya kuwalinda watoa taarifa tangu 2010 na Tanzania tangu 2015. Sheria hizo zingepaswa kubandikwa kwenye kibanda cha kila mradi, zikiwa na namba ya kupiga.

Nawe msomaji una sehemu yako. Nje ya kila jengo linalojengwa kihalali huwekwa bango lenye majina ya mshitiri, msanifu, mhandisi na mkandarasi. Kabla ya kulipia fremu ya duka au kuhamishia watoto ghorofa ya tano, lisome. Majina ya wahandisi waliosajiliwa yako kwenye orodha za bodi, na ni haki yako kuuliza kama aliyetajwa pale yumo, na kama amewahi kufika. Bango likiwa halipo, au ghorofa zikizidi kibali, peleka taarifa halmashauri na kwa bodi ya wahandisi kabla zege halijakauka.